Mbwa Niliyemtoa Bila Maswali

Mimi sitoi mbwa kwa mtu mwenye haraka. Hapa Tlawi wanasema Marieta ana maringo, anahoji watu kama anaozesha binti. Waseme. Mbwa wangu jike huzaa mara moja kwa mwaka, na kila anayetaka mtoto wake, kwanza naenda kwake. Naangalia mbwa atalala wapi, nauliza nani atamlisha na atafungwa kwa kitu gani. Halafu, mbele ya jirani mmoja, natamka kama wazee wanavyotamka wanapowekesha ng'ombe kwa rafiki: huyu anakaa kwako, lakini akiteswa nakuja kumchukua. Mwaka jana Mwalimu Baltazar alinuna kwa maswali hayo, akarudi kwake mikono mitupu. Sikujuta hata kidogo.

Mmoja tu nilimtoa bila maswali, na kwa sababu yake leo naandika kwa mkono wa kushoto.

Baba mkubwa Maximilian, kaka wa marehemu baba na katekista mstaafu, alikuja Januari kutoka kijijini kwake karibu na Haydom. Nilimwamkia, nikampa chai. Alipomaliza akamnyanyua dume mwenye miguu myeupe, Soksi, akamtia ndani ya koti. Soksi alikuwa na wiki tano tu, bado ananyonya.

"Baba mkubwa, huwa nawauliza watu kwanza..."

"Watu? Mimi ndio watu? Baba yako angekuwa hai, ungemhoji?"

Nikaambulia kusema, "Akifika miezi mitatu mlete achanjwe kichaa cha mbwa." Akaitikia kwa kichwa. Hakumleta. Nilipiga simu mara nne, na mara zote alijibu, "Yupo, anakua."

Mwezi wa sita alinipigia mke wake, mama mkubwa Imakulata, kwa sauti ya chini. "Marieta, njoo umwone mbwa wako. Mimi nimesema hadi nimechoka."

Nilifika Jumamosi asubuhi. Soksi alikuwa nyuma ya ghala la mahindi, amefungwa waya. Walimfunga akiwa mdogo, hakuna aliyeulegeza, shingo ikakua na waya ukazama ndani ya nyama. Inzi wamejaa. Sufuria ya maji kavu. Hasira zilinipanda, na bado nilipomkuta mzee anapukuchua mahindi uani, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shikamoo, baba mkubwa." Nilijichukia.

"Marahaba. Mbwa asipofungwa hawi mkali."

"Namchukua."

"Kwa lipi? Siku ile ulisema utamchukua? Shahidi wako nani?"

Sikuwa na shahidi, naye alijua. Alicheka kidogo, akaendelea na mahindi yake. Mama mkubwa aliingia ndani, akatoka na plaizi, akanipa mbele ya macho ya mumewe.

Nikapiga magoti nyuma ya ghala, nikamwita Soksi kwa jina. Hakunijua. Nilipogusa waya alinirukia mkono wa kulia, meno yakazama mpaka mfupani. Sikumpiga. Nilihamishia plaizi kushoto, nikakata.

Baba mkubwa aliona damu, akaja na panga. "Mbwa aliyeuma mtu haachwi."

"Mbwa aliyeuma anaangaliwa siku kumi kama ana kichaa!" Nilikuwa nimesimama mbele ya Soksi. "Kata! Lakini anza na mimi! Mtu mzima, umefundisha watoto wa watu sala, unafunga kiumbe kwa waya mpaka anaoza shingo! Huoni haya?"

Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kumpazia mzee sauti. Mama mkubwa akamnyang'anya panga, akaleta gunia, tukamtia Soksi pamoja. Tulimpakia kwenye bodaboda hadi hospitali, mama mkubwa akabaki naye nje ya geti.

Ndani, muuguzi alisafisha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha akashika kalamu.

"Mbwa ni wa nani?"

"Wangu. Amezaliwa kwangu."

"Amechanjwa?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Mama, nyie mnaogawa mbwa ovyo bila chanjo, ndio mnatuletea watoto walioumwa hapa wakiwa wamechelewa. Ulimtoa kwa nani bila kuhakikisha? Huyo mtu hukumuuliza?"

Kila neno nililistahili.

"Nilimpa baba yangu mkubwa," nikasema. "Katekista."

Sauti yake ikashuka palepale. "Aa. Mzee wako." Akashika tena kalamu. "Basi, pole mama. Hapo ungefanyaje?"

Nilitamani anigombeze hadi jioni.