Sifuri ya Kidole

Kijiko kiligonga glasi gizani, mara moja, kikanyamaza. Kisha kikaanza kuzunguka polepole, kwa adabu ya mwizi aliyevua viatu.

“Shangazi,” niliita kutoka kitandani, “hiyo ni sukari.”

“Ni maji ya moto tu, mwanangu. Lala.”

“Maji ya moto hayakwaruzi. Hizo ni chembe, na hazijayeyuka. Umetia vijiko vitatu.”

Kijiko kikasimama. Daktari alimpigia marufuku sukari mwaka juzi, na tangu mwaka juzi shangazi yangu huamka alfajiri kumdanganya daktari ambaye wakati huo yuko kwake anakoroma.

“Viwili,” akasema hatimaye. “Na aliyekupa wewe D ya kemia akapimwe macho.”

Hiyo D ndiyo iliyoniamsha hata kabla ya kijiko. Miaka mitatu nilisoma masomo ya jioni ili niingie chuo kikuu nikasomee ufamasia. Asubuhi nafua mashuka ya hospitali, jioni nakaa kwenye dawati la watoto wa sekondari, magoti yakikaribia kidevu, binti yangu kajilaza ubavuni. Chuo kilitaka B ya kemia. Matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya baiolojia, B ya hesabu, na katikati yao D imekaa kama mlevi kwenye picha ya harusi.

Chuo hakikunifukuza. Kilinitumia ujumbe wa heshima, ule wa kukukataa huku wamekushika bega. Shahada haiwezekani mwaka huu, walisema, ila ningeweza kufikiriwa kwa mwaka wa maandalizi: unafundishwa misingi palepale chuoni, ukifaulu unaingia shahada moja kwa moja. Nifike kwa mahojiano, na jibu langu nilitoe siku hiyohiyo, kabla ofisi haijafungwa saa tisa. Siku yenyewe ilikuwa imefika, na mimi bado nilikuwa nimelala nikihesabu vijiko vya watu.

Binti yangu ana miaka sita. Tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna kitu kinachopita nyumbani kwetu bila yeye kukihakiki. Alikaa mezani akinitazama nikifunga vifungo vya blauzi.

“Mama, kwani hukusoma?”

“Nilisoma.”

“Sasa mbona ulifeli?”

“Sikufeli. Nilipungukiwa.”

Akatafuna mkate, akafikiri. “Mwalimu wetu anasema hiyo ni kufeli.”

“Mwalimu wenu nitamfuata hukohuko,” alisema Shangazi, akificha glasi nyuma ya birika.

Kazini niliomba ruhusa ya kutoka mapema. Msimamizi wetu wa dobi tunamwita Bi Pasi, maana akikupitia mara moja huna tena mkunjo wala maoni. Hakujibu. Alinipa ncha mbili za shuka, akashika mbili nyingine. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili: mnavuta, mnasogeleana, mnakutana pembe kwa pembe, mnaachana. Na Bi Pasi hapendi kupoteza mkutano.

“Hebu nieleze tena,” alisema tulipokutana. “Uligusa?”

“Niligusa.”

Tukaachana, tukavuta, tukakutana. “Kwenye mtihani wa serikali?”

“Mkono ulikwenda wenyewe, Bi mkubwa.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika mtihani wa vitendo walitupangia chupa nne zisizo na majina, tutafute ipi ni alkali. Kila mtu alipewa vijikaratasi vya litmasi, vile vinavyobadilika rangi. Lakini mimi nina miaka saba napima maji ya magadi kwa kuyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiteleza kama konokono, punguza. Yakiteleza kidogo, tia mashuka. Nikaona chupa nne, nikachovya, nikasugua, nikaandika: ya tatu. Jirani yangu alikuwa bado anatafuta upande wa juu wa litmasi yake.

Msimamizi wa mtihani alinijia mbio kama aliyeona nyoka.

“Umegusa kemikali?”

“Ndiyo. Ya tatu ndiyo alkali.”

“Sijakuuliza ni ipi!”

Sifuri. Sehemu nzima, kwa kukiuka usalama. Jibu lilikuwa sahihi, kidole ndicho kilichokuwa na makosa.

“Bora hukulamba,” alisema Bi Pasi. “Sasa unataka nini?”

“Kuna njia tatu. Nirudie mtihani jioni kwa mwalimu wangu. Au niende kozi ya cheti cha maabara, miaka miwili, nisahau ufamasia. Au huo mwaka wa maandalizi, ila madarasa ni asubuhi.”

“Mwalimu wako anasemaje?”

“Anasema nirudie kwake.” Alilisema kwa furaha ambayo haikunifurahisha. Darasa lake lina watu tisa, na mimi ndiye ninayekuja na chaki.

Bi Pasi alilikunja lile shuka mara ya mwisho, akaliweka juu ya rundo, akalipiga kofi. “Basi rudia. Zamu ya asubuhi ukiiacha, sikushikii nafasi. Mashuka hayangoji mtu apate shahada.”

Nikatoka pale nimekwisha amua. Na kusema kweli, zamu ilikuwa kisingizio. Kilichoniuma ni kufikiria mwaka mzima nimekaa na vitoto vya miaka kumi na minane, tunafundishwa kutofautisha asidi na alkali, mimi ninayezijua kwa ngozi. Ningekwenda kuwashukuru, niwaambie hapana, nirudi jioni kwenye chaki yangu. Mtihani wa pili ningeshika litmasi kama watu wengine, basi.

Aliyenihoji alikuwa mama mmoja mhadhiri, mfamasia, miwani yake imefungwa kwa plasta ubavuni. Chumba kilikuwa kidogo na viti vilikuwa vimejaa mafaili, hivyo alinihamishia faili moja mapajani ili nipate pa kukaa.

“Karibu, mwanangu. Hapa kuna kitu sikielewi,” alisema, akigonga karatasi yangu kwa kalamu. “Sehemu ya pili ya vitendo, majibu yote sahihi, alama sifuri. Ulinakili?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. “Sikunakili! Mimi ndiye niliyemaliza wa kwanza.”

“Basi ilikuwaje?”

Nikamweleza. Magadi, mashuka, konokono, chupa ya tatu. Alicheka hadi akavua miwani, na plasta ikabanduka. Nami nikaona ndiyo nafasi yangu ya kukataa kwa heshima.

“Kwa hiyo naona mwaka wa maandalizi utakuwa wa kunirudisha nyuma, mama. Hayo ya mwanzo nayajua.”

“Unayajua kwa kidole kipi?”

“Hiki.” Nikanyoosha cha kushoto.

“Unaandika kwa mkono gani?”

“Wa kulia.”

“Mbona basi hukupima kwa wa kulia?”

Mkono wa kulia ulikuwa chini ya faili, pale ninapopenda ukae. Alingoja. Mwishowe niliutoa, nikauweka mezani kama mtu anayetoa kitu alichoiba.

Ncha za vidole vyangu vya kulia ni laini, zimeng'aa, hazina mistari. Simu hainitambui kwa kidole. Miaka minne ya kwanza nilipima kwa mkono huo, magadi na blichi pamoja, hadi siku moja nikasugua nisijue kama ni maji au sabuni. Sikumwambia mtu. Nilihamia wa kushoto, nikaendelea kujisifu. Hata usiku nikipapasa paji la binti yangu kujua kama ana homa, hutumia shavu langu.

Mhadhiri alivitazama vile vidole. Hakuvigusa.

“Huku kwetu,” alisema, “wiki mbili za kwanza hatufundishi kitu isipokuwa kutogusa. Watoto huona ni upuuzi, hupiga miayo. Kila mwaka nakosa mtu mmoja tu wa kuwaeleza kwa nini.” Akabandika plasta yake upya. “Mwalimu wako wa jioni atakusaidia kupata B, sikatai. Lakini ana maabara?”

“Ana picha ya maabara,” nilisema. “Imechanika kidogo.”

Ilikuwa saa nane na nusu. Kalamu yake ilikuwa mezani, fomu ilikuwa mezani, na mkono wangu ulikuwa bado hapo katikati yao. Nilikuwa na wa kushoto mmoja tu uliobaki. Nikasaini kwa wa kulia, polepole, nikikodolea macho herufi maana kalamu yenyewe siisikii vizuri.

Nje ya geti nilimpigia Bi Pasi. Nilimwambia yote, hata kuhusu vidole.

“Mpumbavu wewe,” alisema. “Miaka yote hiyo nakuona unashika shuka kama bibi harusi, kumbe husikii.” Akavuta pumzi. “Jioni kuna zamu ya kupiga pasi. Haina magadi, haina blichi. Ina joto na umbea tu. Chuo kikifunguliwa uje saa kumi na mbili, na usichelewe, bibi chuo.”

Nyumbani niliwasimulia mezani, mwanzo hadi mwisho. Shangazi alilia kidogo, akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Mkaguzi alikishika kidole changu, akakigeuza huku na huku chini ya taa, akakikwaruza kwa ukucha wake.

“Unasikia?”

“Kidogo.”

Akakikwaruza tena kwa nguvu zaidi. “Na sasa?”

“Sasa kidogo na nusu.”

Akakirudisha mezani taratibu. Mkaguzi akinyamaza ujue anaandika ripoti.

Baada ya chakula nikakumbuka sare yake ya shule, ambayo kola yake huwa haitakati bila magadi. Nikajaza beseni uani, nikamimina, nikakoroga kwa mwiko wa zamani. Halafu, nikiwa nawaza litmasi na madarasa ya asubuhi, nikainama. Kidole cha kushoto kilikuwa kimebakiza kama upana wa sarafu kufika majini.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mkaguzi alisimama pale na glavu za njano za Shangazi, zile za kuoshea masufuria, amezishika mbele yake kama taulo ya mgeni.

“Mama, vaa glavu.”