Habari Alizorudi Nazo Dubow

Dubow alirudi Balambala kiangazi cha mwaka sitini na sita akiwa na mzigo ambao ngamia watatu wasingeuinua: habari za miaka sita. Alikuwa ameondoka kwa njia ya Moyale, akaingia jeshi la Wahabeshi kama mpishi, na kabla hajazoea masufuria yao akajikuta Kongo chini ya bendera ya buluu, akiwapikia askari wa mataifa kumi na saba waliotumwa kwenda kuwaamua Wakongo. Vita vilipopoa, mataifa yakapanda ndege, kila moja likaenda kwao. Dubow hakuwa na ndege. Alirudi kwa malori, kwa mashua na kwa miguu, na ukimwuliza mbona safari imemla miaka miwili, atakwambia viatu alivyopewa vilikuwa vya Mnorwe, vikawa vinamvuta kaskazini.

Njia nzima alizipanga habari zake. Maana kwao msafiri hapokewi kwa mkeka wala kwa chai. Hupokewa kwa neno moja, "Warran!", toa habari, naye huzitoa zote: mvua imenyesha wapi, nani kafa, sukari bei gani, ngamia wa nani kapotea. Na aliyefika asiulizwe, hata akikaa mwezi mzima, huyo bado yuko njiani. Dubow alikusudia kuanza na Mswidi na kumalizia na mamba.

Alikuta kijiji kimezungushiwa ua wa miiba, lango moja, na askari wa serikali langoni. Ndani wafugaji wamesongamana kama tende kikapuni. Porini, shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Akatafuta kibanda cha dada yake Shamso, ndugu pekee aliyesalia.

"Abaayo, nimefika."

"Nakuona."

"Nimetoka Kongo."

"Kunywa chai, itapoa."

Chai yenyewe ya rangi, katika nyumba ambayo zamani wageni walikimbia maziwa. Dubow akakohoa. Akavua kofia yake ya buluu, akaivaa tena. Akasema huko alikokuwa kuna watu warefu sana. Shamso akasema kuni zimekwisha, akatoka.

Akamwendea mzee Guleid, ambaye siku za amani aliweza kumshika msafiri wa Sangailu asimwachie mpaka ajue mbuzi wa huko wamezaa mapacha wangapi. Guleid akaziba masikio kwa vidole.

"Dubow, wallahi, usinitilie kitu humu! Kikiingia, kesho watakuja kukitoa kwa koleo. Askari mchana, wale wengine usiku."

"Lakini ni habari za Kongo, adeer."

"Siku hizi habari haina kwao."

Ikawa hivyo wiki mbili. Watu walimsalimu, wakampa maji, wakampisha kwenye safu msikitini, na hakuna aliyemwuliza. Mwishowe akamsimulia punda wa Ebla, muuza maji. Punda akasikiliza mpaka kwa Mswidi, akageuza mgongo. Hata punda alishajua ni wakati gani.

Kofia ndiyo iliyomponza. Koplo wa pale langoni akaiona, akaagiza mwenye nayo aletwe hemani.

"Kaa. Umetoka wapi, umeonana na nani, umeona nini. Sema yote, usiache hata kimoja."

Dubow akaivua kofia, akaipakata. "Yote, afande?"

"Yote!"

"Afande, mimi nashukuru sana. Basi naanza na Mswidi."

Alieleza jinsi Mswidi alivyokuwa mrefu hata mvua ikimnyeshea robo saa kabla ya wenzake. Akamleta Muairishi aliyeungua jua, wenzake wakawa wanaota moto kwake. Akawaleta Mhindi na Mnaijeria waliogombania pilipili, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ni sukari, na sufuria ambalo yeye Dubow alilikoroga kwa kasia, amekaa kwenye mtumbwi katikati ya mchuzi.

"Na amani mliletaje?" koplo akauliza.

"Afande, mtu kinywa yake imejaa wali hapana weza tukana mtu."

Koplo aliandika kurasa nne, akaiweka kalamu. Siku ya pili akaleta kiti kizuri zaidi. Siku ya tatu akauliza la kwake mwenyewe. Alikuwa mtu wa milimani kwenye migomba, na tangu Januari hakuwa amepata barua.

"Yule Mswidi, barua za kwao zilikuwa zinamfikia?"

"Zinafika, afande. Lakini yeye hapana fungua. Anasema akifungua, zimekwisha."

Koplo akazikunja zile kurasa. Kisha akamwandikia karatasi ya kupita langoni.

"Huna kitu. Nenda, na usirudi hapa."

"Lakini afande, mimi bado kufika kwa mamba!"

"Dubow, siku tatu watu wako wanakusikia unacheka na mimi. Nikikuuliza tena, nitakuwa nimekuua."

Aliporudi, mikeka ya milango ilishuka mmoja baada ya mwingine mbele yake. Wa Shamso ulikuwa wazi, na kizingitini alikuta furushi lake limefungwa.

"Abaayo, sikuwaambia kitu. Ni Mswidi tu, na pilipili."

"Najua." Shamso aliongea akitazama jiko. "Mwaka jana mgeni alimkuta shemeji yako Nuh kisimani, akamwuliza warran. Nuh akamjibu kama alivyolelewa, ngamia wako wapi, nani anawachunga. Kabla ya magharibi ngamia wakachukuliwa. Nuh akaenda kuwafuata, nami nikamwuliza anashika njia gani. Akaniambia. Wenye bunduki walipokuja kuniuliza mimi, nilikuwa najua. Nikasema, Dubow. Nilisema njia ya mume wangu, naye hakurudi."

Dubow akasogea karibu na jiko. Halafu akanong'ona, "Basi niulize mara moja tu. Kwa sauti ndogo."

Shamso akafumbua kinywa. Dubow akaliona lile neno likija mpaka kwenye meno. Shamso akakifumba, akampa furushi.

Alimsindikiza mpaka langoni, mpaka pale mwanamke aliporuhusiwa kufika. Mbele palikuwa na njia mbili, moja ya Garissa, nyingine ya kushuka mtoni. Dubow alionyesha karatasi, akapita, akasimama kuchagua. Shamso aligeuka mapema, akaukazia macho ua wa miiba, asije akaona ameshika ipi.