Kiwanda Kwenye Laptopu Kuukuu

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa kiwanda cha nguo, na ujinga wangu niliufanya huku nikijipiga kifua.

Dada yangu alichora michoro ya kukatia mashati kiwandani hapo kwa miaka kumi na tisa. Mama alipopooza, ikabidi achague: kumuuguza au kazi. Programu ya kuchorea imo kwenye seva ya kiwanda, na hukubali mfumo mmoja tu wa kompyuta. Dada nyumbani ana laptopu kuukuu aliyoachiwa na marehemu shemeji, ya mfumo mwingine kabisa. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilihangaika siku tatu. Programu ikabaki kiwandani ikifanya kazi yote, laptopu ikawa inaonyesha picha yake tu na kurudisha kila alichobofya. Ilipofunguka, dada akachora mkono wa shati akiwa ameketi kando ya kitanda cha mama.

"Sasa hutahitaji kutoka nyumbani tena," nikamwambia. Akalia kwa furaha, nami nikafurahi, siwezi kudanganya.

Meneja aliposikia akaniita. Akauliza kama hata simu inaweza. Nikasema inaweza. Na mtu aliye nchi nyingine? Popote pale, nikasema, mradi ana intaneti. Akanisifu mbele ya wakuu wa idara, kichwa kikanivimba. Alipoomba maelekezo nikaandika kurasa nne, mfumo kwa mfumo, hata mgeni asikwame. Sikujiuliza mgeni gani. Ndivyo nilivyojipalia makaa.

Mwezi uliofuata dada akapiga simu: mchoro wake wa kola umefunguliwa na mtu mwingine, mistari inasogea yenyewe. Nikaenda kwa meneja. Bila kuinua macho akasema wamepata mchoraji mwingine, yuko mbali, hana mgonjwa wa kuuguza. Jina la dada nilifute kwenye seva kabla ya saa kumi.

Ningeweza kugoma. Nina watoto watatu, sikugoma. Nilimpigia dada nikamwambia amemwaga unga, na kwamba mkono wa kumfuta ni wangu.

"Nipe dakika ishirini," akasema. "Kola bado haijakaa sawa. Wakiikata hivi itamkaba mtu."

Nikamwambia aiache, waumbuke.

"Atakayelivaa shati hilo hajanikosea kitu, mdogo wangu."

Nikakaa nikilitazama jina lake kwenye skrini. Dakika ya kumi na nane akatoka mwenyewe. Nikalifuta kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpa ila mimi.

Jioni nilikwenda kwake. Laptopu ilikuwa imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Alikuwa akimgeuza mama ubavu, nikamsaidia. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Hukunidanganya," akasema, akinyoosha shuka. "Sitahitaji kutoka nyumbani tena."