Laki Mbili na Wateja Wawili

...laki mbili na elfu kumi na nne, na hapo hujawahesabu walioiiba video yake wakairusha kwenye kurasa zao, nani mwingine mtaa huu amewahi kutazamwa hivyo, hakuna, yule msusi wa pale kona na madoido yake yote alifika elfu tatu akatembea wiki nzima kifua mbele, sasa yeye wa laki mbili afanyeje, apande juu ya bati awike... akazidi kupiga msasa, mfuniko wa jeneza mbele yake, uso ukutani, kwa sababu mjomba alimnong'oneza geukia huko na usigeuke, wateja hao, na kweli mlangoni walikuwa wamesimama wawili, kaka na dada, baba yao amewafia hospitali alfajiri ya leo, wateja wa kwanza baada ya wiki tatu, na jana mjomba alishaanza kufunga randa zake kwenye gunia, akasema wiki hii isipotoka kazi anamrudishia mwenye nyumba funguo, anakwenda kuajiriwa kiwanda cha milango, umri ule, fundi aliyelaza ukoo kwa ukoo miaka thelathini akapigiwe kengele ya chai...

"Huu ni mninga?" dada mtu aliuliza.

"Hapana, mama. Mpaini huo, nimeupaka rangi tu ufanane na mninga."

...mpaini, jamani mzee huyu, nani anauza kitu huku anakisengenya, ndiyo maana alimwambia, mjomba, biashara siku hizi ni kelele, usipoonekana haupo, shule mimi niliikimbia mapema lakini mtandao naujua ndani nje, nipe mwezi mmoja utaomba poo kwa wateja, na mjomba akacheka, akasema haya, fanya unavyojua, mimi simu yangu ni ya tochi... naye akafanya alivyojua, akaiwasha kamera ya simu, akajilaza kwenye jeneza jipya, mikono kifuani, kimya, halafu ghafla akainuka na miwani nyeusi, kitambaa cheupe cha ndani ya jeneza kakizungusha shingoni, akaiachia ile sauti yake, laini kuliko godoro la bwana harusi, njoo ulale... na watu wakaja, walikuja kweli, ila walikuja kwenye simu, mlangoni hakuja hata wa kuuliza njia, mmoja akaandika lina sehemu ya kuchaji, mwingine niwekee moja la mama mkwe, hadi leo waendesha pikipiki wakimwona wanapiga honi, njoo ulale, naye anawapungia mkono, staa, na akalipia tangazo lifike mbali zaidi, likafika, likawafikia watu wenye afya zao, meno yote nje, sasa mwenye afya na kicheko ananunua jeneza la nini... alijua wakicheka leo watakumbuka kesho, na wamekumbuka, hapo ndipo pabaya, wamekumbuka wote... mshona viatu wa jirani alipofariki, mtu aliyekunywa chai na mjomba benchi moja miaka ishirini, wanawe walipita mlango huu huu na gari, jeneza nyuma, la fundi wa ng'ambo ya barabara kuu, macho mbele kama wanaendesha gari la wizi, na mjomba alikwenda kuzika vilevile, akarudi, akala, akasema neno moja tu, pembe za lile jeneza hazikukaa, wamezipigilia misumari, na yeye, kwa mdomo huu, akamjibu washamba hao, mjomba, subiri tupige laki tatu...

"Samahani, fundi," yule kaka alisema, taratibu. "Si hapa alipo yule kijana wa njoo ulale?"

Msasa ukasimama. Akausukuma tena, haraka.

"Nilimtumia baba ile video, wodini. Alicheka mpaka akakohoa. Sasa kila jeneza nikilitazama hapa namwona yule chizi ndani yake. Baba simwoni."

"Twende zetu basi," dada mtu alisema. "Baba simlazi kwenye mzaha."

...alishaifuta, dada, wiki ya pili aliifuta, lakini ipo, ipo kwenye kurasa za watu asiowajua, kuna mmoja kaiandikia maneno ya lugha ambayo hata herufi zake hazijui, utamwambia nini mtu huyo, futa, mjomba anafunga karakana... geuka uwaambie, ni mimi, mzee hana kosa, mkitaka nizabeni kofi, lakini akigeuka wameondoka...

"Hayupo," mjomba alisema. "Alikuwa kibarua tu. Nilimfukuza."

...kibarua, mtoto wa dada yake, aliyemlea tangu hajui kushika msumari... mzee asiyeweza kudanganya hata juu ya ubao...

"Na huyo pale?"

"Huyo bubu. Hasikii wala hasemi. Ila mkono wake, mama, njoo uone."

...bubu, yeye, hiyo sauti iliyoingia simu laki mbili, na dada mtu anakuja, kandambili zake zinaburuta kwenye takataka za randa, amesimama ubavuni, ananukia sabuni ya hospitali, kiganja chake kinapita juu ya mfuniko, kinakwenda mpaka pembeni kinarudi, na yeye bubu vumbi limemjaa puani, akipiga chafya atajulikana, akihema kwa nguvu atajulikana... anapalainisha vizuri, dada mtu anamwambia kaka yake, na kaka yake hajaondoka wala hajaingia... nunueni, nitakuwa bubu mpaka mzike, mpaka mwaka uishe, mpaka mjomba mwenyewe aniambie sema... na hapo neno likampanda kooni, si la kuchekesha, poleni, poleni sana kwa baba, maneno yote aliyorusha duniani na hili hakuwahi kumwambia mteja hata mmoja, na mwenye msiba huyu hapa, kiwiko kwa kiwiko... akalimeza, akainama, akapiga msasa palepale palipokwisha kulainika.