Uzi kwenye Kabati la Sampuli

Sampuli ziliharibika Jumanne na Ijumaa, na Jumanne na Ijumaa ndizo siku alizokuja yule binti mtafiti. Mzee Bila Hewa hakuhitaji kusomea upelelezi ili kujumlisha hayo mawili.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kunyonya hewa kutoka kwenye pipa la chuma lililosimama katikati ya chumba, mpaka ndani pakabaki patupu, kisha kuyeyusha metali humo ili mvuke wake utue juu ya kigae cha silikoni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepaka vioo vya darubini kwa pipa hilohilo. Sasa maabara ilikuwa imeingia kazi nyingine, ya kutengeneza kumbukumbu za kompyuta zisizosahau umeme ukikatika, naye hakukubali kuachwa nyuma. Alijisomea nyumbani, kitabu mkono huu na kamusi mkono ule, mpaka akaelewa. Elektroni, mbali na kubeba umeme, hujizungusha kama pia ya mtoto. Ukipanga matabaka mawili ya sumaku, na kizuizi chembamba katikati, umeme hupita kwa urahisi sumaku hizo zikielekea upande mmoja, na hupita kwa shida zikipeana mgongo. Basi hapo kompyuta imepata ndiyo na hapana yake. Kila tabaka lina unene wa atomi chache tu, na kazi yote husimama au huanguka pale tabaka moja linapokutana na jingine.

Sampuli nzima, ikipimwa, huchora kwenye skrini mistari miwili iliyoachana katikati kama mdomo unaopiga mwayo. Sampuli mbovu huchora mistari iliyolaliana. Tangu binti yule mtafiti aje, miezi miwili nyuma, midomo mitano ilikuwa imefumba. Siku alizofundisha kwingine, mambo yalikuwa shwari.

Mkuu wa maabara hakutaka sampuli za kubahatisha. Alimwita mzee ofisini, akamwambia kwa upole uliouma kuliko ukali kwamba Ijumaa atakuja kupima mwenyewe. Ikifumba ya sita, ufunguo wa chumba cha pipa atakabidhiwa mtafiti, na mzee atahamia stoo kungoja kustaafu. Ufunguo ule ulikuwa umening'inia kiunoni mwake muda mrefu hata meno yake yalikuwa laini kama kokoto ya mtoni.

Hata kabla ya onyo hilo, tangu sampuli ya kwanza iharibike, mzee alikuwa macho. Alimchunguza binti alivyoweka mkoba, alivyosimama karibu na kabati la sampuli, alivyonyamaza akiingia mtu. Zaidi ya yote alikichukia kijidaftari chake cha bluu. Kila mzee alipoinuka kitini, binti alitazama saa na kuandika kitu. Anaandika nini, kama si zamu zangu, aliwaza mzee. Mtu anayetaka nyumba huanza kwa kujua mwenye nyumba anatoka saa ngapi.

Akachukua uzi mweusi kwenye kikapu cha mkewe, akawa anaubana kwenye mlango wa kabati kila alipoanza kazi siku za binti. Katikati ya kazi, akishamaliza tabaka la kwanza na kabla ya kuzungusha mpini wa kubadilisha metali kwenda la pili, alifunga kilango kidogo cha ndani ya pipa na kutoka polepole, kama mtu anayenyoosha miguu. Alikwenda kukagua uzi. Kisha alipita dirishani kuona binti yuko wapi, akarudi kukagua uzi tena. Mkewe alimuuliza kama siku hizi maabara inafuga panya, maana nyuzi zinakwisha na hakuna kilichoshonwa. Mzee akamjibu kwamba panya yupo, tena ana shahada.

Alhamisi, siku moja kabla ya kipimo, aliamua kukusanya ushahidi. Pipa lilikuwa na kinasa cha zamani, kalamu inayochora kwenye karatasi ndefu kila metali inapotua na kila inapokoma. Alizitandaza mezani karatasi za zile siku tano mbovu, akavaa miwani, akatafuta alama ya mkono wa binti.

Hakuiona. Alichokiona ni kwamba karatasi zote tano zilikuwa na kitu kimoja. Mstari wa tabaka la kwanza ulipanda, ukashuka, halafu ukalala bapa. Dakika kumi na nane. Dakika ishirini. Kumi na saba. Halafu ndipo tabaka la pili likaanza. Akavuta karatasi za Jumatatu na Jumatano. Huko hapakuwa na bapa lolote. Tabaka lilifuata tabaka bila kuvuta pumzi.

Alikaa chini. Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa ya siku binti alipofika. Siku ile aliacha kazi katikati ili amkaribishe mgeni na kumzungusha vyumba vyote, kiungwana. Ile ya pili ilikuwa baada ya kuanza kumshuku.

Wakati huo mlango ukafunguka, na binti akaingia, ingawa haikuwa siku yake. Aliziona karatasi, akasimama. Mzee hakumkaribisha. Alimuuliza kile kijidaftari kinaandikwa nini.

Binti alikitoa mkobani, akakiweka juu ya karatasi. Zilikuwa saa tupu, safu mbili: ametoka, amerudi.

"Nilidhani unaziharibu makusudi, baba," alisema. "Ili mimi niondoke."

"Mimi? Kazi yangu mwenyewe?"

"Na wewe ulidhani nani? Ule uzi niliuona tangu siku ya kwanza ulipoubana. Nilikuwa naogopa hata kuligusa kabati."

Mzee aligonga pipa kwa kifundo cha kidole. "Humu ndani hamna hewa. Nikisubiri dakika kumi au saa nzima, metali inapata nini?"

"Kwa kioo cha darubini haipati kitu. Lakini pampu haimalizi kila kitu, baba. Unabaki mvuke kidogo wa maji, nao unatua kwenye metali iliyo uchi. Tabaka letu ni atomi chache. Dakika kumi na nane zinatosha kuweka uchafu pale pale matabaka yanapokutana."

"Na hukusema."

"Ningeanzia wapi? Mgeni wa miezi miwili, nimwambie mtu wa miaka ishirini na sita kwamba anatembeatembea sana?"

Mzee aliwaza kwamba huenda anadanganya. Akaziangalia tena karatasi, na karatasi hazikuwa na sababu ya kudanganya. Akavuta daftari la kazi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya jioni: Sampuli tano ziliharibiwa na fundi, kwa kuacha kazi kati ya tabaka na tabaka. Akatia sahihi. Mkuu angeyasoma hayo kesho yake hata kama mdomo ungefunguka.

Ijumaa aliacha kabati wazi, bila uzi. Mkuu alikaa kwenye kona. Tabaka la kwanza likaisha, mzee akazungusha mpini papo hapo. Nyuma yake akasikia viatu vya binti, kisha mlango wa kabati ukilia. Shingo ilimwasha. Anachukua nini? Anaweka nini? Aliikazia macho sindano ya kipimo, akahesabu mpaka tabaka la mwisho, na hakugeuka.

Kwenye skrini mistari iliachana, ikapiga mwayo mkubwa kabisa. Mkuu alisoma daftari, akalisoma tena, akalifunga. Hakuuomba ufunguo. Alisema tu kwamba utachongwa wa pili, wa mtafiti.

Nyumbani mzee alirudisha kibunda cha uzi kikapuni. Mkewe akamuuliza kama panya amenaswa.

"Amenaswa."

"Kumbe alikuwa nani?"

"Mwenye shati hili," alisema mzee, akalivua na kumwonyesha kifungo kilichokuwa kimelegea miezi yote hiyo miwili, akamwomba amshonee.