Plagi za Lori la Zebedayo

Zebedayo wa Bujonde alirudi kutoka vita vya Waingereza kule Bama na koti la askari wa Keya, pamoja na imani kwamba hakuna injini duniani ya kumshinda. Kwa hiyo jeshi lilipouza magari yake makuukuu kule Mbeya, aliuza ng'ombe wake wote akarudi nyumbani anaendesha lori la kijani lisilo na milango. Lilikuwa lori la kwanza kijijini, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemsikia Zebedayo akizungumza jambo jingine.

Msimu wa mpunga ulipofika, lori likiwa limepakiwa magunia ya nusu ya kijiji yaende Mwaya kupanda meli, lilikohoa mara mbili mbele ya nyumba yake, likatema moshi mweusi, likanyamaza. Zebedayo alizungusha hendeli mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe akafungua plagi zote sita, akazinusa moja moja, akawatangazia wenye magunia, "Injini ni nzima. Zilizokufa ni plagi."

"Basi weka nyingine," alisema mkewe, Neli. Neli alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi, na kwake kitu kilichovunjika kilibadilishwa bila hotuba.

Zebedayo akaenda Tukuyu. Hakubeba hata plagi moja ya kulinganisha, maana alisema jicho lake la kiaskari linatosha. Alirudi miguu imevimba, na plagi sita mpya zinazong'aa. Ya kwanza haikuhitaji hata kukazwa. Iliteleza ndani ya tundu bila kushika, na ingetumbukia ndani ya injini kama Neli hangeidaka kwa ncha za vidole.

"Jicho limechoka na safari," alisema Neli.

Safari ya pili akamtuma Angetile, mchuuzi wa ndizi, akampa plagi moja ya zamani kama mfano. Angetile aliitia mfuko wa shati. Alipoinama kunawa uso mto Kiwira, plagi ikaenda zake na maji. Alirudi akaomba radhi kwa mkungu wa ndizi. Zebedayo akaupokea, lakini akaapa mbele ya majirani kwamba plagi tano zilizobaki hazitatoka tena nje ya boma lake.

"Sasa wenye duka watajuaje unachotaka?" aliuliza Neli. "Nipe moja nikufinyangie mfano wake."

Akafinyanga mfano wa udongo mzuri, wenye kichwa, kiuno na mistari ya skrubu iliyochorwa kwa mwiba. Akauanika uvunguni mwa kitanda, akaenda shambani. Zebedayo akautoa, akauweka kando ya plagi ya kweli, akaona umezidi unene. Akacheka kwa huruma, akachukua kisu, akauchonga pole pole mpaka ukalingana kabisa. Kisha, asimsumbue mkewe, akauchoma mwenyewe kwenye moto wa pumba, akampa Angetile aupeleke.

Angetile, safari hii akiwa ameufunga mfano kiunoni kwa kamba, alileta plagi zinazolingana nao kabisa. Zilikuwa zile zile zilizoteleza mara ya kwanza.

Neli aliuokota mfano akautazama. "Nani ameuchonga huu?"

"Ulikuwa mnene, mama Aliko. Nilikurekebishia."

"Niliuzidisha makusudi! Udongo ukikauka unanywea, ukiingia motoni unanywea tena! Umekula kwenye vyungu vyangu miaka yote hii, hukuuliza hata siku moja jinsi vinavyotengenezwa?"

"Ungeniambia."

"Na wewe ungesikia? Lori likikohoa unaamka. Mimi nikikohoa unajifunika blanketi!"

Wenye magunia, waliokuwa wamekuja kuulizia meli, walitazama pembeni kwa heshima lakini hawakuondoka. Neli akaingia ndani, akatoka na kikapu chake. Akafungua boneti, akazichukua plagi zote tano za zamani zilizohifadhiwa humo, akazitumbukiza kikapuni juu ya kanga zake.

"Naenda kwa kaka yangu. Endesha koti lako."

Zebedayo alijikaza kiume mpaka saa sita mchana. Kisha akatembea hadi Mwaya, akapanda mtumbwi wa wauza vyungu uliokuwa ukirudi Ikombe. Njia nzima alipanga maneno ya kusema, na kila alipoyapanga, plagi zilitangulia na mke akafuata.

Alimkuta Neli ufukweni na kaka yake, Tomasi, mvuvi mnene asiye na haraka, wakiuvuta wavu nchi kavu.

"Mugonile," alisalimu Zebedayo.

"Ndaga, shemeji," alijibu Tomasi. "Niambie kwanza. Umemfuata mke au umefuata plagi?"

Zebedayo alifungua mdomo. Lakini wavu ulikuwa unapanda mchangani ukilia kling, kling, kling, na macho yake yakaufuata. Kwenye ukingo wake, mahali pa vijiwe vya kuuzamisha, zilining'inia plagi, mstari mzima, zimefungwa shingoni kama samaki.

"Plagi!" alipiga kelele.

"Angalau ni mkweli," alisema Neli.

"Hapana, mama Aliko, tazama! Shemeji, hizi umezipata wapi?"

"Hizi chubwi? Mchuuzi mmoja aliniuzia sanduku zima la vyombo vya jeshi. Wazungu wanajua kutengeneza chubwi. Nzito, halafu zina shingo ya kufungia kamba."

Zilizokuwa majini zilikuwa zimeoza kwa kutu. Lakini nyumbani kwa Tomasi, chini ya kitanda, sanduku lilikuwa bado na plagi nyingi, kila moja imezungushiwa karatasi yenye grisi. Neli akaleta moja ya kikapuni. Wakazilaza ubavu kwa ubavu, na mistari ya skrubu ikaumana kama meno ya juu na ya chini.

Zebedayo akakaa sakafuni. Alikuwa ametembea mpaka Tukuyu, na kitu chenyewe kilikuwa chini ya kitanda cha shemeji yake.

"Nisamehe," alimwambia mkewe, na safari hii hakutazama sanduku. "Kuanzia leo nitauliza kabla ya kuchonga."

Neli alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka machozi. "Na utavipa vyungu vyangu nafasi kwenye lori. Kila safari."

"Mimi natoa chubwi zangu," alisema Tomasi, "ila nataka kukaa mbele."

Siku iliyofuata, plagi sita ziliingia kwenye matundu na kukazwa kwa spana. Hendeli ilizungushwa mara moja, lori likanguruma, na kuku wa jirani aliyekuwa ametaga kwenye kiti akaruka akipiga kelele za kushtaki. Wenye magunia wakapiga vigelegele.

Walifika Mwaya meli ingali inapakia. Tomasi alikuwa amekaa mbele, amejaza kiti, amevaa koti la Keya aliloliazima kwa sababu ya upepo. Aliwapungia watu mkono kushoto na kulia kama Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Kati yake na usukani, Neli alikuwa amepakata chungu. Zebedayo, mikono myeusi na grisi usoni, alisimamisha gari.

Karani wa bandari alikuja mbio, akampita Zebedayo, akamwinamia Tomasi.

"Karibu, bwana mkubwa. Lori lako ni zuri sana."

"Ndaga fijo, asante sana," alisema Tomasi. "Mwambie dereva wangu aanze kushusha."