Yai Lisilotulia

Mimi kukaa kitako siwezi. Nimepika kantini ya shule miaka thelathini na moja, watoto mia sita kwa siku, na sikumbuki kama niliwahi kunywa chai nikiwa nimekaa. Sasa nimestaafu, huu ni mwezi wangu wa saba, na nyumba imenishinda. Kabati la vyombo nimelihamisha mara nne. Binti yangu akirudi kazini anatafuta vijiko kama mgeni, kisha ananitazama tu bila kusema kitu, maana anajua akigusa la kabati nitamgeuzia la viatu vyake mlangoni.

Tunaishi wawili, mimi na yeye. Baba yake alijiondokea zamani kwa miguu yake mwenyewe, na huyo simzungumzii.

Binti yangu anatengeneza gemu. Siku ya kwanza nilipomuuliza kazi yenyewe ni kazi gani, alinijibu, "Mama, nafanya vitu vianguke." Nikamwambia jikoni kwangu mtu wa namna hiyo nilikuwa namtimua kabla ya saa nne. Lakini nilivyoona anachokifanya, nikanyamaza. Shujaa wa gemu lake ni yai. Si kuku, yai. Lina macho mawili, mikono halina, na jina lake Kibichi. Limetoroka kwenye trei asubuhi, watu wa nyumba hawajaamka, na linataka kufika dirishani litoke nje. Basi linabingirika juu ya rafu, linapanda vijiko, linarukia mfuniko wa sufuria, linapita ukingoni mwa sinki. Likigongwa mara tatu, limemwagika, unaanza upya.

Na yai lile linakwenda kama yai. Halibingiriki moja kwa moja, linazunguka kufuata upande wake uliochongoka, kwa hiyo ukilitaka liende kushoto lazima ulianzishe kulia. Hayo alinichokonoa mimi. Alikuwa ananirekodi na simu mezani, "Mama, dondosha hilo. Mama, tena." Trei nzima za mayai tumemaliza hivyo, na omleti tumekula mpaka basi.

Lakini uhai wa gemu ni kitu kimoja nilichomfundisha akiwa na miaka sita. Kantini tulikuwa tunachemsha mayai mia kwa mkupuo, na mara nyingine mabichi yanachanganyika na yaliyoiva. Utayajuaje bila kupasua? Unalizungusha yai mezani, unaligusa kwa kidole lisimame, halafu unaliachia hapohapo. Lililoiva litatulia. Bichi litaanza kuzunguka tena lenyewe, kwa sababu wewe umesimamisha ganda tu, ule ute wa ndani bado uko mbioni. Mwanangu alilichukua hilo akaliweka kwenye gemu. Ukimsimamisha Kibichi kwenye ukingo ukamwachia, anajisogeza mwenyewe kidogo, na ile kidogo ndiyo inamvusha mahali ambapo ungebonyeza ungemwaga. Mchezaji lazima ajifunze kungoja. Mimi nilichukua wiki mbili kujifunza, na matusi niliyoyatoa sitayarudia hapa.

Siku ya wageni ilikuwa Jumatano. Mgeni kwa kweli alikuwa mmoja, mkurugenzi wa kampuni inayosambaza magemu, mama wa makamo mwenye suti ya kijivu, amekuja kwa ndege asubuhi na anaondoka alasiri. Alikuwa ameomba gemu lichezwe mbele yake na mtu wa kawaida, si mtaalamu. Mwanangu akanichagua mimi. Nikavaa gauni la kanisani.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Kwenye ngazi nikakutana na mwenzake wa kazi, wanamwita Hesabu, kijana wa miwani anayeongea na kompyuta vizuri kuliko na watu. Akanipa shikamoo, akanipokea mkoba, na tunapanda hivyo akasema, "Sijui hapa tutaishije bila binti yako, mama. Miaka miwili si mchezo."

Nikasema, "Kweli si mchezo." Nikajifanya najua.

"Lakini wakilinunua gemu lazima aende akalimalizie kule kwao, ndiyo masharti yao. Wasiponunua basi, tumebaki naye." Akacheka, maskini, hajui amenifanya nini.

Miguu ilipanda yenyewe. Miaka miwili. Wiki tatu hizi nilikuwa namwona mwanangu anakula nusu sahani, nikidhani ni woga wa wageni. Kumbe alikuwa ananificha. Nilikasirika, nisiseme uongo. Na chini ya hasira kulikuwa na ile nyumba, vyumba viwili na kabati, na mimi ndani yake nazunguka kuanzia asubuhi hadi giza bila mtu wa kumpigia kelele.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza moja, skrini kubwa ukutani, feni inayolia. Mkurugenzi alikaa mwisho wa meza na daftari. Mwanangu akakaa ubavuni kwake, ameipa skrini mgongo, kwa sababu alitaka kumsoma uso. Hesabu akasimama karibu na mlango. Mimi nikapewa rimoti ya gemu, ile yenye vijiti viwili vya kusukuma na vidole gumba, nikakaa mbele kabisa.

"Mama, cheza tu kama nyumbani," mwanangu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nikaanza. Nikamtoa Kibichi kwenye trei, nikamzungusha kulia ili aende kushoto, nikampandisha kijiko. Tukafika ukingo wa sinki. Hapo ndipo pa kusimama na kungoja. Nikamsimamisha, nikaachia kijiti, nikangoja.

Hakusogea.

Nikamgusa tena, nikamwachia. Ametulia tuli. Macho yake mawili yananitazama. Nilishika rimoti vizuri nikamjaribu mara ya tatu, na mkono wangu ukaniambia kitu ambacho mkono wangu haujawahi kukosea. Lile yai lilikuwa limechemshwa.

Niligeuza shingo kumtazama Hesabu. Alikuwa anatazama viatu vyake, jasho limemkaa juu ya mdomo. Basi nikajua ni nani. Mwanangu alikuwa hajaona, angeonaje na mgongo ameupa skrini, na hata anayetazama asingeona kitu, angeona yai limesimama. Kitu kile unakijua ukiwa umekishika. Katika chumba kile tulijua wawili, mimi na aliyelichemsha, na yeye hakuwa na mpango wa kusema.

Nikafungua mdomo. Watu wanaonijua watakwambia mdomo wangu hauna breki, nimewahi kumwambia mwalimu mkuu mbele ya wazazi kwamba harufu wanayoisikia si ya chakula changu ni ya soksi zake. Nikafungua mdomo, nikafikiria ile nyumba, nikaufunga.

Nikaendelea kucheza. Mungu anisamehe, nilicheza vibaya na vizuri kwa pamoja. Bila ule mwendo wa ndani, Kibichi alikuwa kitu cha kusukuma tu, kama jiwe lenye macho. Pale pa kungoja nikabonyeza, akamwagika. Nikaanza tena, akamwagika. Safari moja nikafika hadi kwenye mfuniko wa sufuria, kwa nguvu tu, hapakuwa na raha yoyote ndani yake. Nilisikia kalamu ya mkurugenzi ikiandika. Baadaye nikasikia haiandiki.

"Linapendeza," mkurugenzi akasema, kwa ile sauti watu wanayosifia nayo mtoto wa mtu mwingine. "Michoro mizuri. Ila ya namna hii tunayo mengi."

Mwanangu akasema, "Subiri kidogo, hapo kwenye sinki utaona." Akaeleza. Mikono yake inaenda, anaeleza kuhusu ute, kuhusu kungoja, na mkurugenzi anaitikia kwa kichwa huku anafunga daftari. Akachungulia saa. Akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu.

Mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Robo saa imepita, bado dakika tano, anaondoka, na jioni binti yangu yuko nyumbani anatafuta vijiko. Nikamwangalia. Hakuwa analia wala nini. Alikuwa amekunja vidole gumba ndani ya ngumi, kama alivyokuwa akifanya shuleni akisubiri matokeo, na anamtabasamia yule mama kwa adabu zote nilizomfundisha. Alikuwa anakubali. Alidhani kazi yake ya miaka mitatu ndiyo imeshindwa, na angelala na hilo, na kuamka nalo, na mimi ningemkaangia mayai kila asubuhi nikijua.

"Hili yai limechemshwa," nikasema.

Mkurugenzi akaniangalia. Mwanangu akasema, "Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini. Geuka utazame. Namsimamisha, namwachia. Umeona? Kimya. Yai bichi halifanyi hivyo, na wewe unajua. Muulize Hesabu amelipika saa ngapi."

Hesabu akavua miwani akaifuta na shati. "Asubuhi," akasema. "Wiki jana ofisi yao iliandika kwamba waliojaribu walidhani ni hitilafu, yai linajisogeza lenyewe. Nikaogopa. Nikaugandisha ute, leo tu, ili lisituaibishe. Nilitaka kukwambia."

Mwanangu akamvutia Hesabu kiti cha kompyuta.

Mkurugenzi akauliza, "Kwani linatakiwa lifanyeje?" Ofisini kwao kulikuwa na trei ya mayai karibu na birika, ya kurekodia. Nikaenda nikachukua moja, nikasukuma daftari lake pembeni bila kumwomba ruhusa, nikalizungusha mezani mbele yake. Nikalisimamisha kwa kidole. Nikaondoa kidole. Yai likaanza kuzunguka tena, polepole, lenyewe.

"Fanya wewe," nikamwambia.

Akafanya. Akafanya tena. Mara ya tano akavua koti la suti. Wakati huo Hesabu alikuwa amekaa kwenye kompyuta anauyeyusha ute wake, na mwanangu amesimama nyuma yake anamwonyesha mstari kwa mstari bila neno la ziada. Walipomaliza sikuishika rimoti tena. Aliichukua mkurugenzi mwenyewe. Alimwaga Kibichi mara kumi na nne, nilihesabu, na kila akimwagika alikuwa anasema "hapana, hapana, alikuwa anakwenda," na anaanza upya. Alipovuka ukingo wa sinki kwa kungoja tu, bila kubonyeza, alipiga meza kwa kiganja hadi kikombe kikaruka.

Dereva wake alipanda ngazi kumwita. Akamwambia shika mkoba, nakuja.

"Nalichukua," akamwambia mwanangu mlangoni. "Lakini likibaki bichi hivihivi. Na wewe nakuhitaji kwangu mwanzo wa mwezi, kama tulivyoandikiana."

Mwanangu akanigeukia haraka, na uso ule sitausahau, uso wa mtoto aliyekamatwa. Mimi nikajishughulisha na kuokota maganda ambayo hayakuwepo.

Tuliteremka ngazi wawili, mimi mbele. Ghorofa ya kwanza akasema, "Mama, simama."

Nikasimama.

"Ulijua saa ngapi kwamba limebadilika?"

"Kwenye sinki. Mara ya kwanza."

Akapiga hesabu, nilimwona anapiga. "Hiyo ni mwanzoni kabisa. Ulicheza robo saa nzima unajua." Akateremka kidato kimoja. "Wewe, mama? Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Hesabu aliniambia habari ya miaka miwili asubuhi, hapa hapa kwenye ngazi."

Akashika reli. Nilidhani atafoka, na nilikuwa tayari, nina majibu yangu yamepangwa, mbona hukuniambia, ulitaka niikute kwenye sanduku la nguo? Hakufoka. Akakaa kwenye kidato na sketi yake safi.

"Nilisema wakikataa sitakuwa na haja ya kukwambia," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema kesho."

"Na mimi nilitaka wakatae," nikamwambia. "Usinione mwema. Nilitaka ushindwe ili ubaki. Naiogopa ile nyumba, naiogopa kweli." Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba naogopa kitu.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Sema tu nisiende, mama. Ukisema siendi."

Alikuwa anamaanisha. Namjua. Neno moja, na mdomo wangu huu usio na breki ulikuwa umeshafunguka.

"Sisemi," nikamwambia.

Basi akalia, pale kwenye ngazi, kilio cha mtu mzima kinachotikisa mabega. Watu wa ofisi za juu walikuwa wanarudi kutoka kula, nikawasikia wanapanda wakiongea. Nikasimama mbele yake, nikatandaza gauni langu la kanisani wasimwone, na kila aliyepita nikamwitikia salamu, na sikuondoka pale mpaka alipomaliza.